Nani Ameliondoa Tatizo Langu?

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi mawingu mepesi, upepo kidogo, mvua hakuna. Jana usingizi ulinichukua saa nane usiku. Mshona mito asiyepata usingizi! Wateja wasijue.

Siku ya mafunzo. Ukumbi uleule, viti vilevile vya plastiki. Mwezeshaji aliandika TATIZO kwa kalamu nyekundu, akapiga mistari chini mpaka karatasi ikatoboka. Alisema sisi si wafanyabiashara wa kawaida, sisi ni wajasiriamali wa jamii, kwa hiyo majaji wataangalia tatizo kwanza, bidhaa baadaye. Asiye na tatizo arudi nyumbani. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kinachogombewa ni chumba. Kimoja tu, kwenye jengo la mradi, kina umeme na dirisha, bure mwaka mzima. Wenzangu wanakitaka kwa fahari. Mimi nakitaka kwa sababu kaka ametoa kauli: mwisho wa mwezi anaipangisha stoo ninayofanyia kazi. Amesema ananipenda sana, ila amechoka kuishi katikati ya vitambaa kama panya. Nikikosa chumba, biashara imekufa. Nitarudi kubadilisha zipu za suruali za watu.

Bibi Majiko alitangulia kujieleza. Anatengeneza majiko yasiyotoa moshi. Alikuja na jirani yake, bibi kizee, akamsimamisha mbele akohoe. Kizee akakohoa vizuri mno! Ukumbi mzima ukaingia simanzi. Mwezeshaji alivua miwani akaifuta.

Mimi nilikuwa nimekuja na mto.

Nilieleza kwamba mafundi cherehani wa mtaani kwetu walikuwa wakitupa mabaki ya vitambaa mtaroni, mtaro ukaziba, maji yakaingia majumbani. Mimi nayakusanya, nayakatakata, najazia mito. Mwezeshaji akasema tatizo zuri sana, liko wapi? Nikasema liko mtaroni. Hapo mlezi wangu akainuka. Kila mshiriki ana mlezi wa kumshika mkono. Wangu ni mama aliyestaafu usimamizi wa kiwanda, hapayuki, hacheki ovyo. Akasema Ijumaa asubuhi ataleta jaji mmoja auone mtaro kwa macho yake. Akatabasamu. Nami nikatabasamu.

Jioni nilikwenda kuutazama. Mkavu. Umefagiliwa na upepo. Mjusi alikuwa ndani anaota jua, miguu kaitandaza. Hakuna hata uzi! Nani ameliondoa tatizo langu?

Mimi mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Jua, joto. Nililala saa tisa, nikaamka kumi na moja.

Nilikwenda kwa Fundi Kipima, anaitwa hivyo kwa ile tepu ya kupimia asiyoivua shingoni hata msibani. Nilimwomba atupe mabaki mtaroni. Kidogo tu. Mpaka Ijumaa.

Alivua tepu. Sijawahi kumwona bila tepu. Akaniuliza kama nina homa. "Mama Mito, mwaka jana ulinisuta mbele ya wateja kwa kijipande cha bitana. Leo unaniambia nitupe?" Nikamwambia ni kwa ajili ya maendeleo. Akasema yeye sasa ni mfano mzuri, mkewe anamsifu kwa mashemeji, hawezi kurudi nyuma. Kisha akanipa gunia zima la mabaki, yamekunjwa, yamepangwa kwa rangi. Akasema kazi yangu wanaiunga mkono kwa moyo wote. Nikasema asante. Nilitamani kulia.

Fundi wa kona vilevile. Gunia jingine! Watu hawa wamebadilika tabia kabisa. Nimefanya nini?

Wifi, mke wa kaka, ndiye tunayejaza naye mito. Alisema niwaonyeshe huo mtaro safi, basi. Nilimvumilia, maana hajapata mafunzo. Nikamuuliza: "Wifi, ukienda hospitali unamwonyesha daktari mguu usiouma?" Akanijibu huku anauma uzi: "Kwani wewe hapo ni mgonjwa, wifi? Si wewe ndiye daktari?"

Nikamwambia asinivuruge.

Jumatano, 5 Machi
Mawingu asubuhi, mchana yakatawanyika.

Nilimpigia mlezi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Nikauliza kama jaji ataridhika na picha za mwaka jana, maji yakiwa magotini. Akasema picha za nini, macho yapo. Nikauliza niandae nini. Akasema nisiandae chochote, niache mambo yalivyo. Hiyo ndiyo shida. Mambo yalivyo, hakuna mambo.

Bibi Majiko alipita na toroli la majiko. Akasema amesikia natembelewa na jaji, hongera, mtaro wetu unang'aa kama sahani, yeye angeweza hata kuandalia chakula humo. Akacheka mpaka toroli likayumba. Mwanamke mbaya.

Ila amenipa mwanga. Mtaro unang'aa kwa sababu vitambaa viko kwangu. Basi navirudisha! Naviazimisha mtaro. Ijumaa jaji aone, asikitike, aondoke, nami navitoa, nafua, naanika. Hasara hakuna. Redio imesema mvua ni Jumamosi. Mipango yangu yote imezingatia hali ya hewa.

Alhamisi, 6 Machi
Jua la kupendeza. Hata kijiwingu hakuna!

Kazi ilifanyika jioni, watu wakiwa ndani wanasikiliza taarifa ya habari. Wifi alibeba magunia huku akilalamika kwamba aliolewa na kaka, hakuolewa na wazimu. Nilipanga kwa utaratibu: bitana chini, vya rangi katikati, vyekundu juu vionekane vizuri. Kipande cha pazia la maua nikakining'iniza kwenye mdomo wa kalvati, maji yanapopita chini ya barabara. Nikarudi nyuma kutazama. Tatizo safi kabisa. Wifi akasema naupamba mtaro kama chumba cha bi harusi.

Mjusi alihama.

Je, jaji akija mapema? Je, Fundi Kipima akiyatambua mabaki yake? Je, akiyaokota kwa kuwa siku hizi ni mfano mzuri? Nimechungulia dirishani mara nyingi. Bado yapo.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Ilianza kabla ya alfajiri, tena si ya manyunyu. Redio, Mungu anakuona!

Nilipofungua mlango maji yalikuwa yameshafika kizingitini. Kalvati limeziba kabisa. Mtaro umefura, umeshindwa, umemwaga kila kitu barabarani. Nikakimbilia stoo. Mito ya mwezi mzima inaelea! Mmoja wa maua ulitoka mlangoni wenyewe, ukapita mbele ya duka la Fundi Kipima kama mgeni asiyetaka kusalimu. Kaka alikuwa amepanda juu ya meza ya sebuleni, redio kifuani. Aliniita kwa jina langu lote, la ubini pia. Si dalili nzuri.

Ndipo mlezi akafika. Mwavuli mkononi, jaji pembeni yake. Jaji amevaa viatu vyeupe! Mvua ilikuwa imepungua, maji hayajapungua. Nilifanya nilichofanyia mazoezi wiki nzima. Nikanyoosha mikono, nikasema: "Tatizo ndilo hili!"

Hakuna aliyesikitika.

Mlezi alinisogelea, akazungumza kwa sauti ya chini. Alisema njia nzima amemsimulia jaji habari za mtaro mkavu. Tatizo walilijua tangu nilipoomba kujiunga. "Tulikuja kuona kama limekwisha, mwanangu."

Maji yakanisaidia kusimama.

Fundi Kipima naye akatokea, suruali kaikunja, mkononi ana kitambaa kinachovuja. Akamwambia jaji kwamba bitana hiyo anaijua, ni ya suti ya mteja wake, na aliyepewa mabaki yake kwenye gunia ni mimi, Jumanne. Akanigeukia: "Mama Mito, leo jina limetimia. Ya kulalia unayo, na ya maji umetuletea." Wifi alikuwa anatazama mawingu kama anayahesabia makosa.

Nikakiri. Sauti ilitoka kama ya mbu.

Sikujua nifanye nini tena, nikaingia mtaroni na kanga yangu na kila kitu. Nikalivuta lile pazia. Nikavuta bitana, nikavuta vyekundu. Wifi akaingia, akanisaidia, ananitukana kwa pumzi fupi. Mara kalvati likacheua kama mtu aliyeshiba, maji yakaanza kushuka. Jaji alivua viatu, akakaa anatazama. Akamuuliza Fundi kama maji huingia kila mvua. Fundi akasema hajaona tone dukani tangu mwanamke huyu aanze kupita na magunia. Alisema kwa hasira, lakini alisema.

Wakaondoka. Mlezi hakuniaga.

Jumamosi, 8 Machi
Jua kali kutwa. Redio ilisema mvua.

Mito imeanikwa kwenye kila ua wa jirani, mtaa mzima unanuka mbwa aliyeloa. Kaka amesema si mwisho wa mwezi tena, ni mwisho wa wiki ijayo. Mpangaji alikuja kuitazama stoo, akaonyeshwa alama ya maji ukutani, akaipenda hivyo hivyo. Nikamwuliza wifi nitahamia wapi. Alinipa uzi nitunge sindano, nikashindwa kulenga tundu.

Bibi Majiko alikuja kunipa pole. Pole yenye meno. Alisema mtaani kwao hata hawajui mafuriko yanafananaje. Akaniachia jiko moja nikaushie mito. Linakausha vizuri sana. Nalichukia.

Chumba kimekwenda. Najua kimekwenda. Usiku wa kuamkia leo nimegeuka kitandani mpaka majogoo.

Jumapili, 9 Machi
Asubuhi shwari, anga la bluu.

Mlezi amepiga! Nilisimama kupokea. Alianza kwa kunisema, alinisema sawasawa, nami nikasema ndiyo mama kila alipovuta pumzi. Kisha akasema majaji hawajakata shauri. Yule wa viatu vyeupe amewaambia wenzake hajapata kuona kazi ikithibitishwa hivyo: mabaki yamerudi siku moja tu, mtaa umezama, yametolewa, maji yamekwenda. Kesho asubuhi wanakuja wote. Ameniambia neno moja. Nisiongeze kitu, nisipunguze kitu. Mtaro uwe mkavu, nami niseme kweli kama ilivyotokea. Chumba bado kinawezekana.

Nililia kidogo. Wifi akanikumbatia, akasema sasa nitulie, kwa jina la Mungu, nitulie. Tukafagia mtaro pamoja. Fundi Kipima alileta ufagio wake. Jioni mjusi karudi. Nikaahidi kutulia.

Nimetulia. Nimekaa, nimefikiri kwa utaratibu. Mtaro mkavu peke yake unasema nini? Majaji watadhani mitaro yote ndivyo ilivyo. Lazima wapate wa kulinganisha nao. Sasa, wakija kesho watapita mtaa wa akina Bibi Majiko, ambako mafuriko hayajulikani yanafananaje. Na mimi nina gunia moja ambalo halikuloa. Hapa kwetu sijaongeza kitu wala kupunguza. Mlezi hakutaja mitaa mingine.

Nimeshalipeleka, wakati wa taarifa ya habari. Vyekundu juu. Wifi hajui.

Redio imesema kesho hakuna mvua kabisa. Kuna kitu kinagonga bati taratibu, bila shaka ni paka. Mto una unyevu kidogo lakini laini. Nazima taa saa nne na robo, usingizi tele, wa kwanza wiki nzima.