Bi Mkubwa na Wale Wadogo wa Mwandiga

Jumamosi, 12 Julai

Siku kubwa! Nimerudi kutoka soko la Mwandiga na tetea watatu kikapuni, wazima, macho makali. Kuanzia leo Hamdani, jirani yangu, hatanitambia tena juu ya ukuta kwa habari za mayai yake. Sisi mpaka jana tulikuwa na kuku mmoja tu, Bi Mkubwa, ambaye mama mkwe alimpa mke wangu Verediana tulipohamia hapa Gungu. Kuku mmoja! Mwanamume wa umri wangu!

Verediana alisema wageni hawaingizwi hivihivi. Nikamjibu kuku hana mambo ya itifaki. Nikawamwaga bandani, nikafunga mlango, nikaenda kunywa chai ya ushindi.

Chai haikupoa. Makelele! Manyoya! Nilipofika, Bi Mkubwa alikuwa amempanda mmoja mgongoni, wa pili kichwa kiko ndani ya kopo la maji, wa tatu ananing'inia dirishani kama kalenda. Nikaingia kuamua ugomvi. Nikadonolewa mimi. Kidole gumba, kile cha kazi.

Wadogo wamehamia jikoni. Verediana aliniosha kidole. Alinifunga kitambaa huku akitabasamu, na hilo ndilo baya zaidi.

Jumapili, 13 Julai

Jibu limenijia katikati ya mahubiri. Bi Mkubwa anawachukia kwa sababu hawafanani naye. Yeye kahawia, wao weupe wenye madoa. Dawa ni rangi! Nikatoka kanisani kabla ya matangazo, nikachukua chupa ya mawese, nikawapaka wote wanne toka kichwani hadi mkiani. Waling'aa kama sofa jipya.

Sikujua kwamba kuku akiona chekundu hudonoa. Sasa najua. Walidonoana wote kwa wote, hata wale wadogo waliokuwa marafiki. Kisha wakaoga vumbi ili wajisafishe. Nina maandazi manne yanayotembea.

Shati la kanisani limekwisha. Na mawese yalikuwa ya kuungia sombe, kisamvu chetu. Tumekula sombe ya maji na chumvi. Verediana ameniambia wazi kwamba Bi Mkubwa akipoteza hata jicho moja, nitajieleza mwenyewe kwa mama yake. Hamu ya chakula ikanitoka, ingawa kwa kweli hakikuwa chakula.

Jumatatu, 14 Julai

Kazini. Kibanda changu cha kutengeneza simu kimepakana na saluni ya Happiness, ukuta wenyewe wa mbao nyembamba. Nimempigia rafiki yangu Feliksi wa Bangwe, mfugaji mzoefu. Kwa vile kule kwake upepo wa ziwa unameza sauti, ilinibidi kupaza. Nikamweleza yote: Bi Mkubwa amewakataa wale wadogo, wadogo ni watatu, nimewatoa Mwandiga siku moja, jana nimewapaka mafuta mwili mzima, na sasa wanalala jikoni. Feliksi akasema nivumilie. Huo nao ni ushauri?

Saluni ilikuwa kimya ajabu. Mashine zote za kukaushia nywele zilikuwa zimezimwa. Nadhani umeme ulikatika.

Jumatano, 16 Julai

Watu wa Gungu wamekuwa na adabu ghafla. Kina mama wawili wamenipisha njia, khanga mdomoni. Kijana wa bodaboda amenipigia saluti, akasema mzee wewe ni chuma. Katekista tu ndiye hakuitikia salamu yangu. Ni lile suala la kutoka kabla ya matangazo.

Hata Hamdani! Alikuja ukutani, sauti ya chini, akanipa pole na hongera kwa pamoja. Akasema jambo la msingi ni haki, kila mmoja apate sawa na mwenzake. Nikamwambia kwangu chakula kinawekwa kwenye sinia moja, anayewahi amewahi. Akauliza kama natarajia watoto. Nikasema wasipoleta chochote kufikia Krismasi, nachinja.

Hamdani alishika ukuta kwa mikono miwili, kisha akaingia ndani bila kuaga. Wivu huo.

Ijumaa, 18 Julai

Balaa! Mama mkwe, mama Regina, ameshuka kutoka basi la Kasulu bila taarifa. Nilikuwa uani nachanganya pumba. Nikasema shikamoo mama. Hakuitikia. Akauliza wako wapi. Nikauliza akina nani. Mwavuli ukapanda juu. Nyuma yake alikuwa Happiness, na yule kijana wa bodaboda, na juu ya ukuta kichwa cha Hamdani.

“Tulikupa mwanetu kwa heshima,” akafoka. “Leo unamletea wake wenza watatu! Unawalaza jikoni! Unawapaka mafuta!”

Nikaonyesha mlango wa jikoni kwa kidole chenye kitambaa. Mama akausukuma kwa mguu. Wakatoka wake wenza watatu, mawese na vumbi bado vimewaganda, na mmoja akapita katikati ya miguu ya mama na kumnyea kiatu.

Halafu mama Regina akaketi chini, palepale kwenye pumba, akacheka mpaka kilemba kikamvuka. Happiness akajiegemeza mwembeni kwa kukosa pumzi. Kichwa cha Hamdani kikatoweka, tukasikia kishindo upande wa pili. Ndoo aliyosimamia imemwangusha.

Verediana alikuwa mlangoni akifuta machozi ya kicheko. Alijua uvumi huo tangu Jumanne! Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama yake ukweli alipopiga simu kuuliza. Akasema hakudanganya, aliguna tu. Muda mrefu anamwomba mama aje, na kila mara kuna mahindi, kuna maharage, kuna jirani mgonjwa.

“Safari hii kapanda basi la kwanza,” akasema, akamkumbatia.

Nilitaka kukasirika. Nikashindwa. Wanafanana mno wakicheka.

Jumamosi, 19 Julai

Mama ameamuru. Banda limegawanywa katikati kwa kipande cha wavu mkuukuu wa wavuvi. Bi Mkubwa huku, wadogo kule. Waonane, wasikiane, wasigusane. Chakula chao kinawekwa karibu na wavu, pande zote mbili, ili wazoee kula pamoja. Wiki nzima hivyo. Wiki! Mimi ni mtu wa matokeo.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeuinua wavu kidogo tu, nione. Bi Mkubwa amewafukuza wadogo mpaka sebuleni kwa Hamdani, wakapita katikati ya wageni waliokuwa wanakula migebuka, samaki wa ziwani. Hamdani amewarudisha mwenyewe, mmoja mmoja, na kila mmoja akimwita shemeji. Mtaa mzima sasa unawaita hivyo.

Mama ameanza kuhesabu wiki upya. Mimi bandani nimepigwa marufuku.

Jumatatu, 28 Julai

Leo wavu umetolewa. Tulisimama wote. Happiness ameacha mteja na kichwa nusu kimesukwa. Hata katekista alikuja, eti anapita.

Bi Mkubwa akawasogelea. Moyo wangu! Akamdonoa mmoja, mara moja tu, kama mwalimu anayegonga meza darasa litulie. Mdogo akainamisha kichwa, akasogea. Basi! Wakaanza kuparura ardhi pamoja, Bi Mkubwa mbele, wadogo nyuma. Happiness akapiga kigelegele. Hamdani akatoa mkono, akanipongeza, safari hii bila pole.

Mchana nimewakuta wanne wamejilaza vumbini juani, mdogo kabisa ameegemea ubawa wa Bi Mkubwa. Verediana akanishika mkono. Nikajifikicha macho. Pumba, bila shaka.

Jioni nikawaeleza majirani jinsi nilivyofanikisha.

Jumamosi, 2 Agosti

Mama amerudi Kasulu. Verediana ameahidiwa kwamba atakuja tena baada ya mavuno, hata pasipo kashfa. Kwenye dirisha la basi mama aliniusia nisiongeze kitu bandani, chochote, mpaka nimpigie simu kwanza. Nikaahidi kwa moyo wote.

Verediana akaenda sokoni. Mimi nikapitia Mwandiga. Majogoo wawili! Warefu, vifua mbele, kama askari wa gwaride. Muuzaji ameapa kwamba ni ndugu, mama mmoja, na ndugu hawagombani. Kweli mimi na kaka yangu Antoni hatusalimiani tangu tugawane shamba la baba, lakini sisi ni binadamu. Nikawafungulia wote wawili kwa mpigo.

Naandika haya nikiwa juu ya paa la banda. Upepo wa ziwa unafika vizuri. Nao wale ndugu huko chini bado wanazungumza kwa sauti ya juu. Ila kutoka huku nimegundua jambo: pembeni kule, karibu na bomba, uani kwetu bado pana nafasi.

Bata wangeenea kabisa.