Skrubu Mbili Katika Taya la Bibi

Kwa Daktari wa Meno,
Ghorofa ya kwanza, mlango wenye picha ya jino linalocheka.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: OMBI LA KUTOMFUNGA BIBI YANGU SKRUBU SIKU YA JUMANNE

Natumaini u mzima na mikono yako haijachoka. Mimi ndiye yule msichana mwembamba anayemleta bibi yake kliniki, anayekaa kwenye kiti cha pembeni na kujibu maswali ambayo hakuulizwa. Nakuandikia badala ya kuja kwa sababu ana kwa ana maneno hunikauka. Kwenye karatasi nina ujasiri wa watu kumi.

Miezi miwili iliyopita ulimpa bibi meno ya bandia, ya juu na ya chini. Nakiri ni mazuri, hata jirani zetu wanapita kuyatazama. Jumanne ijayo umepanga kumpandikizia skrubu mbili katika taya ili yale ya chini yashikwe na yasicheze tena. Nakuomba kwa heshima zote usifanye hivyo. Malalamiko yangu ni haya.

1. Umenifukuzisha kazi. Bibi alipoteza jino lake la mwisho miaka sita iliyopita, na maneno yake yakageuka kuwa kitu kama upepo unaopita chini ya mlango. Nyumbani masikio ni mengi, lakini aliyemwelewa ni mimi peke yangu, kwa kuwa nimelala naye chumba kimoja tangu niko darasa la pili. Basi kila aliyeingia aliniuliza, "Anasemaje?" Nami nikasema. Baba mkubwa, ambaye hajawahi kuniuliza hata saa, alikuwa akinisogezea kiti. Siku hizi ananipita kama mlango ulioachwa wazi.

2. Umevunja amani iliyojengwa kwa uangalifu mkubwa. Mimi sikuwa nasema uongo, nilikuwa nahariri. Shangazi alipoleta mchuzi wake wa Ijumaa, bibi alisema hata paka akiunywa ataandika wosia kwanza. Nikafasiri: "Anasema mkono wako ni ule ule wa marehemu mama yake." Shangazi akafuta machozi, na Ijumaa iliyofuata akaja na sufuria kubwa zaidi. Tumeishi hivyo miaka sita, hakuna aliyegombana na mtu. Ijumaa ya kwanza ya meno yako, bibi alionja, akaweka kijiko chini, akasema kwa ufasaha wa mtangazaji wa redio: "Mwanangu, miaka sita nakuomba upunguze chumvi. Nimekukosea nini?"

Shangazi hakumtazama bibi, alinitazama mimi. Sitakueleza zaidi, maana wewe ni daktari wa meno, si wa mifupa.

3. Mlio. Meno hayo hulia tak! kabla bibi hajaanza kusema, kama bunduki inayokokiwa. Mlio huo ukisikika, baba mkubwa hukaa wima, mama hupunguza moto jikoni, nami hukumbuka ghafla kwamba sijaanua nguo.

4. Hapa naomba usome taratibu.

Kabla ya meno kuwa tayari, niliitwa kazini. Ni kazi ya ukalimani mahakamani, katika mji ulio mwendo wa siku mbili kutoka kwetu. Kwenye maombi niliandika kwamba nina uzoefu wa miaka sita, jambo ambalo ni kweli tupu. Ukoo ukakaa sebuleni kulijadili, na kama kawaida wakamwuliza mwenye nyumba: je, mjukuu aende?

Bibi alinishika mkono akasema neno moja: nenda. Kwa fizi tupu, neno hilo ni pumzi fupi tu, ndege angeweza kulisema. Nikawageukia nikawaambia, "Anasema hawezi kubaki bila mimi."

Mama akainamisha kichwa. Baba mkubwa akatamka kwamba mtoto mwenye moyo kama huu hazaliwi mara mbili. Nikawaandikia wa mahakamani wanivumilie miezi mitatu.

Usinihukumu haraka, Daktari. Mtu aliyezoea kusema kwa kinywa cha mwingine, ukimpeleka kwenye mji wa wageni watupu, ataagiza chakula kwa kinywa cha nani? Ningewaambia kwamba naogopa, wangenicheka. Bibi akiogopa, watu hukaa kimya kwa heshima.

Alasiri moja wiki iliyopita, bibi alikuwa amepumzisha fizi, meno yako yakiwa ndani ya bilauri dirishani. Baba mkubwa akaniuliza, kwa mazoea tu, jambo ambalo halikuguswa tena tangu kikao kile: kama mama yake bado ana hofu ya kubaki. Nikaona nafasi yangu hiyo. "Anasema..." nikaanza.

Bibi akainua kidole kimoja. Akasimama polepole, akaenda dirishani, akatoa meno, akayakung'uta maji. Akavaa ya juu. Akavaa ya chini. Sote tulingoja kama watahiniwa. Tak!

"Sikusema hivyo," akasema. "Nilisema nenda. Asubuhi nikasema nenda, jioni nikasema nenda. Mke mwenzangu huyu kakigeuza kinywa changu kuwa mfuko wake."

"Miaka sita!" akasema shangazi, na najua alikuwa anawaza mchuzi.

"Mama," akadakia baba mkubwa, "na lile kabati ulilonipa?"

"Nilisema ulirudishe."

"Kumbe nyumba hii ilikuwa inatawaliwa na huyu!" akasema baba mkubwa, akininyooshea kidole. Tangu siku hiyo, nikisema chai iko tayari, watu huenda jikoni kuhakikisha.

5. Lililonileta hasa. Ile siku ya kujaribisha, ulimwambia bibi atamke "sisi sote". Midomo yake ilikuwa bado haijayazoea meno, sauti ikatoka vipande vipande, ukanigeukia mimi. Bibi alikuwa amesema, "Yamekaa sawasawa, mwambie asiyaguse." Nikakuambia yanabana kushoto. Ukayakwangua. Ziara ya pili nikakuambia yanabana kulia. Ukayakwangua tena. Wewe ni mtu mwema, tatizo lako ni kuamini watu.

Kwa hiyo unapoandika kwenye faili lake kwamba fizi ya chini imelegea, unamsingizia mzee wa watu. Fizi yake haijakukosea, na fundi wako aliyeyachonga hana lawama. Meno yanacheza kwa sababu yangu. Yanaporuka katikati ya sentensi, kipande cha maneno ya bibi hupotea, na kipande hicho ndicho pekee nilichobakiwa nacho cha kujaza. Ukiyafunga kwa skrubu, nami umeniziba.

6. Hili si langu peke yangu. Hebu fikiria ni nyumba ngapi zimesimama kwa sababu tu kuna mtu mmoja ndani yake asiye na meno. Watu wa idara ya maji hututangazia kabla ya kukata, lakini ninyi mnamrudishia mzee s na z zake zote kwa siku moja, bila kuwaonya ndugu. Ukimpandikizia kila mzee meno, nani atabaki na shangazi? Naomba basi kila ukoo upewe notisi ya mwezi mmoja. Na endapo huwezi kuahirisha Jumanne, niandikie walau cheti chenye muhuri, kisemacho kwamba maneno yote yanayosemwa katika miezi mitatu ya mwanzo ya meno mapya ni ya majaribio, na hayamlazimu mtu kuondoka popote.

Nina imani utalipima ombi hili kwa utulivu ule ule unaotumia kupima taya. Wafikishie salamu wauguzi wote, hasa yule anayemshika bibi mkono wakati wa sindano. Salamu pia kwa mama wa mapokezi anayeita majina kana kwamba tumeshtakiwa, na kwa fundi aliye nyuma ya pazia, ambaye namwomba radhi kipekee. Mama anakusalimu. Shangazi anakusalimu na kuuliza kama chumvi huharibu meno. Bibi naye anakusalimu, na salamu hii ameitamka mwenyewe, mimi nimeandika tu.

Ni mimi, kwa unyenyekevu na kwa hasira kidogo,

Mjukuu,
aliyekuwa msemaji wa bibi.

Nyongeza: Barua hii imekaa mezani siku tatu bila kupelekwa, na leo nimemsomea bibi yote, bila kuhariri. Alicheka mpaka yale ya chini yakamtoka. Anasema skrubu anazitaka kwa hiari yake, kwa kuwa anayo mengi ya kusema na hana muda wa kuokota meno kila mara. Kwa hiyo Jumanne tutafika saa mbili kamili, kabla foleni haijaanza. Tafadhali zikaze sana, na kama taya lina nafasi ya skrubu ya tatu, iweke. Naondoka Alhamisi kwenda kwenye kazi ile ya mahakamani. Jana nilipokwenda stendi kukata tiketi nilimpigia bibi simu kumwambia nimeipata, na wakati ananijibu meno yakamcheza. Nikasikia upepo mtupu. Nilikuwa simwoni uso, simwoni mikono, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuelewa bibi amesema nini. Nilisimama pale na tiketi mkononi, watu wakinipita huku na huku, na hapakuwa na hata mmoja wa kumwuliza.