Keki Niliyoiongezea Sifuri

Leo sijui uso niuweke wapi. Nawaambia mwenyewe kabla Zawadi, mwenzangu wa kaunta, hajawarushia video.

Mnajua nauza chai ya maziwa kwenye mkahawa wa Wahindi pale Al Rigga, huku Dubai. Arbab wetu, ndivyo tunavyomwita bosi huku, mzee wa Kerala asiyejua kugomba, anafungua tawi Jumeirah Lake Towers, na mimi nautaka usimamizi wa huko mpaka nauota. Kwa hiyo akinituma kitu, naongeza na bidii yangu juu. (Hiyo bidii ndiyo iliyoniponza.)

Asubuhi akaniandikia kwenye simu: leo tunasherehekea vikombe vya chai tulivyouza tangu tufungue, agiza keki, iandikwe "1,00,000". Nikaikodolea macho hiyo namba. Koma, sifuri mbili, koma tena? Nikamhurumia mzee. Kidole kimeteleza, sifuri moja imedondoka njiani. Shuleni kwetu koma ilikuwa inatenga sifuri tatu tatu, na hesabu nilikuwa naziweza. Nikamwagiza mwokaji aandike 1,000,000. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia yeye apake krimu, namba aniachie mimi.

Jioni wageni wakajaa: jamaa za Arbab, majirani, hata mwenye mkahawa wa ng'ambo ya barabara, mshindani wetu, aliyealikwa kwa adabu tu. Sanduku likafunguliwa. Yule mshindani akainama, akafuata sifuri kwa kidole moja moja, kisha akauliza kwa upole kabisa kama chai yetu tunaipikia kwenye tangi la maji.

Watu wakaangua kicheko. Arbab akanigeukia. Hapo ningeweza kunyamaza. (Nyinyi mnanijua.)

"Sir," nikasema, tena kwa sauti ya msimamizi, "uliacha sifuri moja. Nimekurekebishia."

Looh! Nusu ya wageni waliziba midomo.

"Wafula," akasema taratibu, "hiyo ni laki moja. Kwetu ndivyo tunavyoiandika."

Laki! Neno ninalolitamka tangu utotoni, kumbe wenye neno lenyewe koma yao wanaiweka pengine! Nikatazama huku na huku, kila Mhindi mle ndani anatingisha kichwa kuafiki, na Zawadi ameinua simu juu anarekodi. Jasho lilinitoka, na kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi vizuri tu.

Nikaomba msamaha. Halafu nikauliza, kwa sauti ndogo sasa, kama yale mambo ya tawi ndiyo khalas, yamekwisha.

Arbab akakata kipande cha kwanza, palepale kwenye sifuri yangu, akanitilia kwenye sahani.

"Tawi ni lako," akasema. "Keki ikishakuwa kweli."

Vimebaki vikombe laki tisa. Pitieni Al Rigga jamani, na anayetaka kunicheka anicheke akiwa ameshika chai.