Begi Jekundu la Kwenda Malaysia

Jumatatu, 4 Mei 2026

Imebaki nafasi moja. Moja tu! Wanafunzi wa chuo chetu wanakwenda Malaysia wiki mbili, kujifunza jinsi Wamalei, Wachina na Wahindi wanavyoishi nchi moja bila kushikana mashati. Mmoja wa walioteuliwa amejitoa. Tunaoigombania nafasi yake ni wawili: mimi, Mansuri, na Hidaya wa Gairo, ambaye hata chai anakunywa huku anasoma. Maskini Hidaya.

Usaili ni Alhamisi. Nimempigia mama kule Kihonda kumwambia nimeshapata. Kusema kweli bado, lakini kuna tofauti gani? Mama amepiga vigelegele hadi simu ikakoroma. Jumamosi atapika pilau, mtaa mzima uje kuniombea dua. Sasa lazima niende. Vizuri! Mimi hufanya vizuri nikibanwa.

Jumanne, 5 Mei

Nimepanda milimani Mgeta kwa mjomba Maneno kuazima begi. Jekundu, la magurudumu. Alikwenda nalo Hija. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo shikamoo yangu niliipigia magoti kabisa. Akauliza kama barua ya safari nimeiona kwa macho yangu. Nikajibu iko njiani. Akanitazama weee, kisha akalifuta begi vumbi kwa kanzu yake mwenyewe. Amesema likichubuka, nitamjua yeye ni nani.

Wakati wa kurudi nikapata wazo. Mwenyekiti wa usaili ni Dokta Maganga. Mnyamwezi wa Tabora. Mtani wangu! Mtani hata umwambie nini, hana ruhusa ya kununa. Hidaya aende na madaftari yake. Mimi naenda na utani.

Alhamisi, 7 Mei

Ushindi!

Hidaya aliingia kwanza, akakaa humo mpaka nikasinzia. Nikaingia mimi na begi. Nikalisukuma hadi miguuni kwa Dokta Maganga, nikamwambia Wanyamwezi ni wapagazi tangu zamani, kwa hiyo asimame anibebee mpaka uwanja wa ndege. Madamu Eufrazia, aliyekaa pembeni yake, akashika mdomo. Dokta akacheka hadi miwani ikamdondoka! Akauliza nitajifunza nini kwa Wamalei. Nikasema wao ndio watajifunza kwangu. Akauliza Wachina wa kule walifikaje. Nikasema bila shaka mizigo yao ilibebwa na Wanyamwezi. Hakuna swali lililopita salama.

Mwisho akainuka, akashika mkono wa begi, akaondoka nalo kwenda ofisini kwake. Mwenyekiti mzima kunibebea begi! Ushahidi gani tena?

Jioni nimemshauri Hidaya ajaribu tena mwakani. Akajibu kwamba labda ni heri, maana begi lake zipu imekufa. Nimemsikitikia kwa dhati.

Ijumaa, 8 Mei

Jina lililobandikwa ni la Hidaya. Nimelisoma, nikaondoka, nikarudi kulisoma tena. Nimelia chooni. Naandika kwa sababu shajara ni yangu.

Nikaenda kwa Dokta. Amenieleza kwa upole kuwa Hidaya alijibu maswali na mimi nilileta vichekesho. Nikasema haya, basi naomba begi. Hapo akacheka upya! Akauliza tangu lini Mluguru akamkabidhi Mnyamwezi mzigo, halafu akaudai. Mtani akichukua chako, kimekwenda, na kununa ni mwiko. Begi kampa Hidaya, maana ndiye anayesafiri. Nikasema ni la mjomba, la Hija! Akasema nimsalimie sana mjomba.

Nilinuna. Akasema hata kununa kwenyewe sijui.

Jumamosi, 9 Mei

Pilau, dua, machozi ya majirani. Nilishindwa kusema mbele ya shehe, nikamvuta mama jikoni nikamwambia ukweli. Akaweka mwiko chini. Kisha akatoka nje akawatangazia watu kuwa naondoka leo leo. Aliporudi akaninong'oneza niende kwa mjomba, na nisionekane Kihonda mpaka wenzangu warudi kutoka Malaysia.

Jumapili, 17 Mei. Mgeta

Napalilia kabichi. Shamba limesimama kama ukuta. Ukiteleza, jembe linakutangulia bondeni. Mvua haikatiki. Mjomba aliposikia habari za begi, kwanza alinipa jembe. Kisha akasema Mnyamwezi amechukua haki yake, yeye hatamdai, lakini kabichi hazitajipalilia. Sasa ananiita Mmalei. Jirani yake, bibi Pili, kila akipita njiani anauliza kama Wachina hawajambo.

Leo Hidaya amenitumia picha. Begi jekundu mbele ya hekalu la Wahindi, msikiti unaonekana nyuma, naye kasimama pembeni anatabasamu. Begi limechubuka. Anasema Dokta kamwagiza alipige picha kila wanapokwenda, anirushie mimi. Wallahi roho iliniuma. Ilipasa niwe pale.

Halafu nikaona kitu. Nikimkata Hidaya, picha inabaki na begi peke yake. Nikamkata, nikamtumia mama. Ameshaionyesha mtaa mzima! Watu wakauliza mbona mimi sionekani. Mama akajibu kuwa mimi ndiye niliyekuwa napiga picha.

Kwa hiyo mambo yamekwenda vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Tena nasikia mwakani kuna safari ya Uturuki, na mwenyekiti wa usaili atakuwa Mzigua. Hao nao ni watani wetu! Nimeshajua nilipokosea. Lile begi lilikuwa dogo, halikumtisha mtu. Juu ya kabati la mjomba nimeona lingine. La bluu, kubwa.