Mchanga wa Ndakala Si wa Mahoteli

Jumatatu, tarehe 2 Septemba

Haiwezekani! Nimekuta karatasi imebandikwa ukutani pa biro ya kartie, ofisi ya mtaa wetu. Inasema mchanga wetu wa hapa Baraka, ufukweni mwa ziwa, pale bamama wanapoanika ndakala, dagaa wetu, utageuzwa kuwa zoni ya mahoteli. Mwenye maoni aje bironi Alhamisi, saa mbili asubuhi. Chumba cha mabenchi manne! Kwa kartie nzima!

Na Alhamisi gani? Ya giza! Hata mutoto wa kunyonya anajua: mwezi ukikosekana ndakala wanafuata taa, wavuvi wote wanakesha ziwani. Saa mbili asubuhi wanaume wanakoroma, bamama wamepiga magoti mchangani wanageuza samaki. Wa kutoa maoni atakuwa nani? Mbuzi?

Yaya Émilienne, dada yangu mkubwa, aliisoma ile karatasi akakaa chini. Ameanika pale tangu mume wake afe; batoto wake wote wamesomeshwa na ule mchanga. Akauliza sasa ataanika wapi, kitandani? Nikamwambia atulie, mimi niko. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Jumanne, tarehe 3

Mkutano kwa jirani Isidore. Isidore ana diploma na anataka hata kuku wajue. Amependekeza tuombe kwa upole: siku isogezwe mpaka mbalamwezi, wavuvi wakiwa nyumbani, na watu wakutane palepale mchangani, kila muntu asikie na aseme. Makofi!

Kwa upole! Haki inaombwa kama chumvi? Mimi niliyesoma mpaka la tano, tena la tano nimelirudia mara mbili, kwa hiyo nalijua kuliko wote! Mimi niliyemnyamazisha kiboko wa mto Mutambala kwa kumkazia macho tu! Nikasimama, nikasema dawa ni kukijaza kile chumba hiyohiyo Alhamisi mpaka ukuta upasuke. Wakubwa wauone wingi wetu, waogope.

Isidore akauliza nitakijaza na nani. Eti mara ya mwisho nilipoahidi kuleta watu, kwenye harusi, alikuja mpiga ngoma peke yake. Wakacheka. Hata yaya! Wacheke. Meno ni yao.

Jumatano, tarehe 4

Akili imenishukia kama mvua! Kitu gani hapa kwetu kinamwamsha muntu usingizini? Mgao! Tangu mashirika ya misaada yaje na kambi ya wakimbizi ya Lusenda, ukitamka tu mgao, mgonjwa anapona. Nimeazima megafoni ya kwaya, nikapanda pikipiki, nikazunguka kila mahali: kesho bironi, sabuni! Bure!

Ni uongo? Hapana. Sabuni iko bironi. Nimeiona mwenyewe kwenye beseni ya kunawia.

Alhamisi, tarehe 5

Ushindi! Halafu aibu. Aibu ya wengine, si yangu.

Walikuja! Wa Lusenda na kadi zao mikononi, wa vilima vya Fizi na ndoo vichwani. Chumba kilijaa, uwanja ukajaa, kijana mmoja akapanda juu ya choo. Wa kartie yetu? Hakuna. Bamama walikuwa kwenye samaki zao. Walisema sauti ya megafoni ni yangu mimi, Tonton Patrice, basi sabuni haiko.

Bwana Déogratias, ajenti wa ardhi, alitoka jasho. Nilifurahi sana! Akasoma mpango wake wote, hakuna aliyesikiliza, macho yote yako kwenye mlango wa stoo. Mwisho akasema wanaokubali wanyanyue mikono.

Sasa, kwenye mgao, kunyanyua mkono ni kuhesabiwa. Asiyenyanyua hapati.

Walinyanyua wote! Wengine mikono miwili! Mama mmoja akanyanyua na ule wa mutoto aliyembeba mgongoni. Nikapiga kelele washushe. Wakadhani nataka kubaki na sabuni yao, wakanibana ukutani. Bwana Déogratias akaandika kwa tabasamu kwamba wananchi wengi sana wamekubali. Sabuni ilipokosekana nilitorokea dirishani. Kiatu kimoja kimebaki huko.

Ijumaa, tarehe 6

Yaya ameniwekea ugali mtupu. Amesema nizoee, ndivyo tutakavyokula sote. Imeniuma. Kosa la Isidore! Angekuja kunipangia foleni!

Jioni nasikia Isidore amekwenda bironi na yaya na bamama wenzake, mikono bado inanuka samaki. Wakaeleza kwamba walionyanyua hawakai hapa. Waulizwe tu huo mchanga uko wapi. Mlangoni palikuwa bado na mzee mmoja anasubiri sabuni. Bwana Déogratias akamuuliza. Mzee akaonyesha mlimani.

Basi, mikono yote imefutwa. Mkutano mpya utakuwa Jumanne tarehe 17, mwezi ukiwa mkubwa, mchangani, kartie yote. Neno kwa neno alivyoomba Isidore! Wamembeba mabegani. Na bila wingi wangu kuna kitu kingefutwa? Hakuna hata mmoja aliyenishukuru.

Jumatatu, tarehe 16, Ubwari

Yaya ameniomba, kwa jina la marehemu mama yetu, nije huku Ubwari, ng'ambo ya ghuba, kwa binamu mpaka mkutano upite. Boti amelipa yeye. Anaijali afya yangu, na kweli nimechoka. Akaniapisha nisishike megafoni. Nimeapa. Sijashika.

Lakini huku kuna watu, jamani! Mbalamwezi, hakuna kuvua, kijiji kizima kimekaa tu. Wingi wa bure unapotea! Na kesho yaya atasimama pale na kartie moja tu nyuma yake? Ndugu yake nikiwa hai?

Safari hii nimefikiri vizuri. Kosa lilikuwa sabuni. Sabuni inashikwa kwa mkono mmoja, ule mwingine unabaki huru, unanyanyuka. Kwa hiyo nimetangaza magodoro. Godoro ni la mikono miwili.

Boti tatu zimejaa. Tunaondoka alfajiri.