Baunsa Wako Amemfukuza Baba Mkwe Wake

Mtaa wa Sogea,
Tunduma.

Ndugu Meneja Gasper wa Klabu ya Usiku ya Kilele,

YAH: KUOMBA UMFUKUZE KAZI MWANANGU

Pole na kukesha. Mimi ni mama yake Gwantwa, yule baunsa wako wa kike wa getini. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko ukipanda mlima unisamehe.

Kwanza nakushukuru. Nilikuletea binti mpole, akiongea anaangalia vidole vya miguu. Umenirudishia askari. Hongera sana. Sasa usome matunda ya mafunzo yako.

1. Akina mama wa jumuiya walikuja kusali kwangu. Gwantwa akasimama mlangoni, mikono kifuani, akawapekua mikoba wakiingia na wakitoka. Ni kweli vijiko vyangu viwili vilipatikana kwa katibu. Lakini jamani, maombi ndiyo mahali pa kupatikana vijiko?

2. Msibani kwa jirani alipanga watu foleni ya chakula, aliyekwisha kula anachorwa kalamu mkononi. Wali ukabaki! Ndugu Meneja, tangu lini msiba ukabakiza wali? Sasa mtaa mzima unasema marehemu hakuwa na watu.

3. Hili ndilo limenipandisha presha. Gwantwa umri unakwenda, na aliyejitokeza kumchumbia ni mmoja tu, Ambwene, mkulima wa kahawa wa kule Mbozi. Kijana mtaratibu, na nyuma yake sijaona mwingine. Jumapili mshenga akaja na barua ya posa, kaongozana na baba mzazi wa Ambwene. Nimechinja jogoo, nimeazima viti vya kwaya. Yule mzee alikuwa amepitia kwanza kilabu cha pombe ya komoni, maana kuposa nako kunataka ujasiri. Binti yako (wangu simjui tena) akamnusa pale pale getini, akamwambia, "Mzee wangu, kwa leo umetosha, kapumzike." Akamshika mkanda kwa nyuma, akampakia kwenye bajaji kwa heshima zote, akafunga geti. Mshenga akaikimbilia bajaji na barua yake mkononi. Nikamwuliza, wewe mtoto, huyo si ndiye baba mkwe wako? Akanijibu, "Mama, sheria ni moja kwa wote." Jogoo tulimla wawili tu.

Kwa hiyo naomba umfukuze. Ukishindwa, mpe kazi ya ndani ya kubeba soda, ajifunze kusema karibu, maana hapo getini kwako amejua toka tu. Na hilo likikushinda, basi umwoe wewe. Nasikia huna mke.

Nisalimie DJ, wakaanga chipsi, na wale mabinti wa nguo fupi. Waambie Tunduma kuna baridi, wavae masweta.

Ni mimi mzazi mwenye uchungu,
Mama Gwantwa.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, mara mama yake Ambwene huyu hapa. Nikajua amekuja kunitukana. Kumbe anacheka mpaka anakaa chini! Anasema tangu aolewe hajapata kuona mtu wa kumtoa mzee yule kwenye pombe na kumrudisha nyumbani jua likiwaka, hata mwenyekiti wa kijiji alishindwa. Posa inarudi Jumamosi, na wanamtaka Gwantwa huyu huyu, asibadilike hata kidogo. Basi usimfukuze, tafadhali. Ila siku hiyo atakuwa chumbani, kafunikwa kanga, na geti langu halina mtu. Utuazime baunsa mmoja, mkali kama yeye.