Msiba Uani kwa Harithi

Harithi aliwaona maksai kabla ya kuliona gari. Walikuwa wawili, wanaswagwa na Paulina katikati ya barabara ya Kikuyu, nyuma yao pikapu imefungwa kamba, na ndani ya pikapu, kashika usukani kwa heshima zote, mzee Zablon wa Msalato, mume wake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimeachiwa huru, kila mwenye ulimi akiitwa mfanyabiashara, na Harithi ulimi alikuwa nao. Mikweche aliipaka rangi, akashindilia maganda ya ndizi kwenye giaboksi isipige kelele, akaiita "mpya toka Dubai". Zablon aliuza karibu zizi zima anunue gari lile la kubebea zabibu. Lilifika Msalato likazimika, likakataa katakata. Sasa anakuja kudai jingine.

Mwingine angetoroka. Harithi aliona ulaji. Alivua saa, akavaa kanzu iliyokunjamana, akakaa mkekani na sahani ya rambirambi mbele yake, ndani katia noti zake za chambo, uso kaujaza huzuni ya kutosha wilaya nzima.

"Shikamoo mzee wangu. Umetukuta pabaya. Mwenye magari, kaka yangu Jamaldini, katutoka. Mimi dalali wake tu. Madai yote kaenda nayo."

Waungwana, Harithi hakuwahi kuwa na kaka.

Zablon akavua kofia. "Pole, mwanangu. Marehemu kabila gani?"

"Mnyamwezi, mzee. Babu zetu walikuja na misafara, wakabaki hapa hapa."

"Mnyamwezi!" Zablon akaruka. "Paulina, mtani wetu kafa, na sisi hatukuambiwa!"

Hapo Harithi akakumbuka kwamba Zablon ni Mgogo. Mgogo na Mnyamwezi ni watani, na msibani mtani hakatazwi: humtukana marehemu, hubeba atakacho hadi kikombolewe, na mfiwa akinuna, aibu ni yake. Zablon alijipaka majivu, akajigaragaza mlangoni, akalia sauti ya kuezua bati: "Amka, Jamaldini, mwizi we! Usiende kuwauzia malaika mikweche!"

Mtaa ukajaa watu wanaoshika mbavu. Mama Mwanahawa, jirani, akaja mbio na sufuria la kupikia wafiwa. Zablon akajifuta machozi, akazoa rambirambi yote, kisha akatwaa ufunguo ukutani. Ulikuwa wa Peugeot ya Harithi mwenyewe, gari pekee zima pale uani.

"Hilo hapana!" Harithi akainuka.

"Basi likomboe, mtani. Nipe jingine zima, nikurudishie lako."

"Mwizi huyu! Jamani, mkamateni!"

Mama Mwanahawa akatua sufuria. "We Harithi, hebu tuambie. Kuna msiba au hakuna? Kama hakuna, umemtapeli mzee wa watu, mpe gari lake sasa hivi. Kama upo, mwache mtani achukue haki yake."

Kicheko kikakatika. Harithi alitazama Peugeot, akatazama umati, akaona ngumi kadhaa zimeshakunjwa.

"Upo," akasema, na machozi yakamtoka, ya kweli kabisa.

Wanawake wakaguswa. "Maskini, alimpenda mno kaka yake." Wakatandika mikeka, wakaketi kumliwaza. Peugeot ilipokata kona, Mama Mwanahawa alikuwa ameshamsogezea Harithi sufuria mbele yake, anauliza mchele wa matanga uko wapi.